Nimeandika uongo kwenye maombi ya kazi na nimeitwa kwenye usaili Arusha: nifanyeje?

Binti wa Pasua

Wanajukwaa, naomba mawazo yenu kabla ya Alhamisi ijayo, kwa sababu jambo hili linaninyima usingizi na nyumbani siwezi kulisema.

Nina umri wa miaka 29 na ninaishi Pasua, Moshi. Nina stashahada ya uhasibu, na baada ya kuipata nilijiunga na chuo kikuu kusoma shahada ya fani hiyohiyo kwa miaka mitatu. Nilibakiwa na masomo mawili ambayo sikuyafaulu hata kwenye mitihani ya marudio, na kabla sijarudi kuyamaliza baba akapooza upande mmoja. Fedha ya ada ikaenda kwenye matibabu, nami nikawa ndiye wa kumgeuza, kumlisha na kumpeleka kliniki hadi Mungu alipomchukua. Kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kazi ya ukeshia katika hoteli moja hapa mjini kwa miezi 14, kwa mkataba uliofika mwisho na haukuhuishwa. Kwa jumla nimekaa nyumbani miaka miwili na miezi kadhaa bila ajira.

Karibu na soko la Mbuyuni kuna kijana mwenye steshenari ambaye huwaandalia watu wasifu wa kazi. Aliniambia kwamba wasifu wenye pengo hausomwi na kwamba siku hizi stashahada haimfikishi mtu popote. Kwa maelekezo yake nikaandika kuwa nimehitimu shahada, kuwa nilifanya kazi hotelini kwa miaka minne badala ya miezi 14, na kuwa cheo changu kilikuwa mhasibu. Kwenye nafasi ya mdhamini tukaweka namba ya simu ya binamu yangu, ambaye alikubali kwamba akipigiwa atajibu kama meneja wa ile hoteli.

Sasa kampuni moja ya utalii ya Arusha imeniita kwenye usaili wa nafasi ya mhasibu. Ujumbe wao unataka nije na vyeti halisi, na wameambatisha fomu ya kujaza ambayo mwisho wake kuna maneno ya kutamka kuwa taarifa zote ni za kweli, kisha sahihi na tarehe. Nimeifungua fomu hiyo mara nyingi na kila nikifika pale pa sahihi mkono unakataa.

Nikinyamaza na kusaini, hatari iliyopo ni ipi hasa? Na nikisema ukweli sasa, si nitakuwa nimejifukuza kazi kabla hata sijaajiriwa?

Afisa Utumishi, Njiro

Dada, pole sana kwa msiba wa baba. Nimekuwa nikipokea na kuchambua maombi ya kazi katika makampuni ya utalii ya Arusha kwa miaka 11, kwa hiyo nitakueleza jinsi mambo yanavyokwenda upande wetu wa meza.

Uongo wa shahada utaishia Alhamisi hiyohiyo, kwa kuwa wameshakuambia uje na vyeti halisi. Ukisema cheti kiko chuoni, tutakiandikia chuo barua, na chuo kinajua nani alihitimu na nani hakuhitimu. Kwa vyeti vya sekondari nako hakuna pa kujificha, kwa sababu Baraza la Mitihani la Tanzania huhakiki vyeti kwa waajiri wanaoomba, na namba ya mtihani peke yake inatosha kueleza shule, mwaka na matokeo. Ile miaka minne ya hotelini ni rahisi zaidi kuibaini. Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi chenye tarehe ya kuanza na ya kuacha kazi. Tutakuomba cheti hicho, na usipokuwa nacho tutaomba taarifa ya michango yako ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambayo inaonyesha mwezi kwa mwezi ni nani aliyekuwa akikuchangia. Michango ya miezi 14 haiwezi kugeuka kuwa miezi 48.

Kuhusu binamu yako, ninakusihi umpigie leo umwambie asijibu. Mimi sipigi namba ya mdhamini iliyoandikwa kwenye wasifu kabla sijapiga simu ya mapokezi ya hoteli yenyewe na kuomba niunganishwe na ofisi ya utumishi. Moshi na Arusha zimetenganishwa na kilomita 80 tu, na watu wa hoteli na safari tunafahamiana, kwa kuwa wengi tumepita katika vyuo vilevile na kuhama kutoka mwajiri mmoja hadi mwingine. Niliwahi kuzungumza na meneja wa namna hiyo. Alimsifia mwombaji kwa ufasaha mkubwa, lakini nilipomuuliza hoteli yake ina vyumba vingapi, akanyamaza, kisha akakata simu.

Hata hivyo, wanaonisikitisha zaidi ni wale waliopita. Tuseme umepita. Mwezi wa kwanza utakabidhiwa kazi ya mtu mwenye shahada na uzoefu wa miaka minne: kodi ya mishahara iwe imewasilishwa kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata, ritani ya VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ifike kabla ya tarehe 20, malipo ya kuingia hifadhini yafanyike kabla gari halijafika getini, na hesabu za dola, yuro na shilingi zilingane. Hakuna atakayekaa nawe kukufundisha, kwa kuwa kwenye karatasi wewe unajua. Utaogopa kuuliza, maana swali lako litakusaliti, na kosa dogo ambalo mwenzako angerekebisha kwa swali moja asubuhi wewe utalificha mpaka liwe kubwa. Nimemwona mwenzangu kazini akidhoofika kwa hofu hiyo. Alikuwa na akili nzuri, na kama angeingia kwa cheo chake halisi nina hakika angepanda.

Sasa kuhusu pengo lako. Kwa upande wangu, miaka miwili ya kumuuguza mzazi haijawahi kunifanya niweke maombi ya mtu pembeni. Iandike kwa mstari mmoja: tarehe, na kwamba ulikuwa ukimhudumia mzazi mgonjwa. Kuhusu chuo kikuu, andika kwamba umesoma shahada ya uhasibu kwa miaka mitatu na kwamba masomo mawili hayajakamilika. Huo ni ukweli na una thamani, kwa sababu unaonyesha umefika wapi. Na ukeshia usiudharau. Mtu aliyepokea fedha taslimu na za kigeni, akafunga zamu usiku na kukabidhi bila upungufu kwa miezi 14, ana jambo la kueleza mbele ya msaili yeyote.

Waandikie barua pepe kabla ya Alhamisi, uambatishe wasifu uliosahihishwa, useme waziwazi ni vipengele gani havikuwa sahihi. Usimtaje kijana wa steshenari, maana maombi yana jina lako.

Mzee wa Kibosho

Mwanangu, mimi sina elimu ya hao wataalamu, lakini nimeishi ndani ya jambo hili kwa miaka 19, na ningependa unisikilize.

Mwaka 1998 niliajiriwa kuwa dereva wa halmashauri moja. Nilikuwa nimeishia darasa la saba, nao walitaka cheti cha kidato cha nne. Kaka yangu mkubwa alikuwa nacho na yeye alikuwa ameingia kwenye biashara ya ndizi, hakukihitaji, akanipa. Kuanzia siku hiyo kazini nikawa na jina la kaka yangu na nyumbani nikabaki na jina nililobatizwa. Nilidhani nimedanganya mara moja tu, siku ya kupeleka barua. Kumbe nilikuwa nimekubali kudanganya kila siku niendapo kazini. Benki nilikuwa kaka. Kwenye kitambulisho cha matibabu nilikuwa kaka, na watoto wangu wakawa wanaandikishwa kama watoto wa baba mkubwa wao. Siku ya malipo nilikuwa najifunza upya kusaini.

Mama yetu alipofariki, wafanyakazi wenzangu walikodi gari wakapanda Kibosho kunipa rambirambi. Walifika njia panda wakamuuliza mtu msiba wa fulani ni wapi, wakitaja lile jina la kazini. Wakaelekezwa kwa kaka yangu. Wakamkuta mtu mwingine anayeitwa jina hilo, na mimi nimekaa pembeni yake kwenye kiti cha wafiwa. Walinitazama, hawakusema neno, wakatoa mkono wa pole, wakaondoka. Waliificha siri yangu, Mungu awalipe, ila tangu hapo kila gari la serikali lililosimama karibu na nyumba yangu lilinifanya moyo uende mbio.

Kisha ukaja uhakiki. Tarehe 28 Aprili 2017, kule Dodoma, Rais Magufuli alipokea taarifa ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, na waliotajwa wakapewa hadi tarehe 15 Mei wawe wameondoka wenyewe, ama sivyo wakabiliwe na mkono wa sheria. Mimi sikusubiri. Nilikabidhi ufunguo wa gari, nikashuka stendi kwa miguu. Miaka 19 bila ajali hata moja, na sikupewa barua ya shukrani wala mafao ya kustaafu. Mwaka 2022 Serikali ilikubali turejeshewe ile michango tuliyokatwa sisi wenyewe kwenye mishahara. Ile iliyochangwa na mwajiri haikuwa yetu tena. Niliipokea kwa shukrani, lakini uzee wangu nilikuwa nimeupangia kitu kingine.

Silalamiki, kwa sababu nilijua nilichofanya. Ninachokuomba, mwanangu, ni kwamba wewe bado uko njia panda na hakuna aliyekuona. Geuka sasa.

Wakili wa Moshi

Shikamoo Mzee wa Kibosho, na ahsante kwa kusema yaliyo magumu kusemwa.

Nijibu swali la hatari kwa upande wa sheria, kwa kuwa watu wengi huchanganya mambo mawili. Kuandika kwenye wasifu kwamba una shahada ilhali huna ni maelezo ya uongo. Kutengeneza cheti cha shahada hiyo, kubadilisha alama, au kuwasilisha cheti cha namna hiyo ukijua kuwa si cha kweli, ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambamo kughushi kunaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 7, na anayeiwasilisha nyaraka ya kughushi anabeba adhabu sawa na aliyeighushi. Ninasisitiza hili kwa sababu hatua inayofuata baada ya uongo wa mdomo, pale mwajiri anapotaka cheti, mara nyingi ni kurudi kwa yuleyule wa steshenari kuomba karatasi. Ukifika hapo umeshavuka kutoka kwenye jambo la mwajiri na kuingia kwenye jambo la polisi. Kwa utumishi wa umma, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yamekuwa yakionya waziwazi kwamba watakaowasilisha taarifa na sifa za kughushi watachukuliwa hatua za kisheria.

Kuhusu ajira yenyewe, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki anapomwachisha mtu kazi, na Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinautaja utovu mkubwa wa uaminifu miongoni mwa makosa yanayoweza kuhalalisha kuachishwa. Ile sahihi kwenye fomu ndiyo inayokufunga, kwa sababu baada ya kusaini huwezi tena kusema ulikosea kuchapa au mwingine ndiye aliyekuandikia. Na hapo kuna hasara ambayo wateja wangu huigundua wakiwa wamechelewa: mfanyakazi aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hastahili kiinua mgongo, yaani ule mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika wa utumishi, hadi miaka 10. Aliye chini ya miezi sita kazini hana hata kinga ya vifungu vya kuachishwa isivyo haki. Ukishaachishwa unaweza kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, lakini utakwenda kusema nini, wakati fomu yenye sahihi yako iko mezani?

Wapo wanaoamini kwamba utendaji mzuri na muda mrefu hulifuta kosa. Wasome yaliyotokea Marekani mwaka 2007, ambako Marilee Jones, mkuu wa udahili wa chuo cha MIT, alijiuzulu baada ya miaka 28 ya kazi iliyosifiwa, ilipobainika kwamba shahada alizodai kuwa nazo hakuwa nazo. Mwaka 2012 Scott Thompson aliondoka kwenye uongozi wa Yahoo miezi michache tu baada ya kuanza, kwa kuwa wasifu wake ulitaja shahada ya sayansi ya kompyuta ilhali yeye alisomea uhasibu. Thompson shahada ya uhasibu alikuwa nayo kweli. Kilichomwondoa ni maneno machache yaliyoongezwa juu yake.

Niongeze jambo moja kwa wasomaji wengine, kwa kuwa huulizwa sana ofisini kwangu: majina yasiyolingana kati ya cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kitambulisho cha taifa si udanganyifu. Hilo hutatuliwa kwa hati ya kiapo au hati ya kubadili jina, na ni vema lifanyike kabla ya kuomba kazi.

Kijana wa Sakina

Ninawaheshimu wote waliotangulia, lakini semeni pia habari ya waajiri. Tangazo la kazi ya mtu wa mapokezi linataka shahada na uzoefu wa miaka mitano, kwa mshahara ambao hautoshi chumba na nauli ya daladala. Nimeomba kazi kwa ukweli tangu nihitimu, na nimeona wenzangu walioongeza uzoefu wakiitwa mbele yangu. Huyu dada hakumwibia mtu. Kwa nini lawama yote iwe juu ya anayetafuta?

Muongoza Wageni, Marangu

Mdogo wangu wa Sakina, malalamiko yako ni ya haki. Anayedai miaka mitano ya uzoefu kwa kazi inayofundishika ndani ya wiki mbili anawasukuma watu kwenye uongo, na waajiri wanaosoma hapa walichukue hilo. Lakini umesema hakumwibia mtu, na hapo ndipo ninapotaka nikuonyeshe nilichokiona.

Nilianza mlimani nikiwa mpagazi, na sasa ninaongoza misafara. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa msaidizi mpya ambaye kwenye maombi yake alikuwa ameambatisha cheti cha mafunzo ya huduma ya kwanza. Tulikuwa njia ya Machame. Pale kambi ya Barafu, mita 4,673, mgeni mmoja alibaki hemani na msaidizi huyo wakati mimi nimekwenda na wengine kuelekea kileleni. Mgeni alikuwa akikohoa, akihema hata akiwa amelala, na midomo yake imebadilika rangi. Mtu yeyote aliyepata mafunzo hayo anajua kwamba hizo ni dalili za mapafu kujaa maji kwa sababu ya mwinuko, na kwamba tiba ya kwanza ni kushuka, saa ileile, hata kama ni usiku wa manane. Kijana wetu alidhani ni kikohozi cha baridi. Alimpa chai ya tangawizi, akamwongezea blanketi, akamwambia alale. Redio ilikuwa mkononi mwake, lakini hakuniita, kwa sababu angeniita angelazimika kueleza anachokiona kwa maneno ambayo hakuwahi kufundishwa.

Mpishi ndiye aliyesikia pumzi za yule mgeni zinakoroma kama maji yanayochemka, akachukua redio. Niligeuka, tukamshusha kwenye machela ya gurudumu moja kwa njia ya Mweka, na kadiri tulivyoshuka ndivyo alivyopata pumzi. Aliishi. Msaidizi yule alilia njia nzima, na baadaye akakiri kwamba cheti kilichapwa dukani, jina lake likiwa limewekwa juu ya jina la mtu mwingine. Hakuwa kijana mbaya. Alikuwa na mtoto mchanga na kodi ya nyumba, kama wewe na mimi.

Hesabu za kampuni haziui mtu kwa usiku mmoja, ninakubali. Ila anayeajiriwa anaachiwa vitu vya watu wengine, iwe ni pumzi au fedha zao, na wao hawajui kwamba cheti kilichowatuliza kimetoka dukani.

Binti wa Pasua

Shikamooni wakubwa zangu, na ninawashukuru nyote. Mzee wa Kibosho, nimeisoma habari yako mara tatu, na mara ya tatu nilimsomea mama. Ndipo nikamweleza na yangu.

Binamu nimeshamwambia. Jana asubuhi niliituma barua hii, ninaiweka hapa ili mwenye hitaji kama langu aione:

«Katika maombi niliyowasilisha kwenu kuna taarifa tatu ambazo si sahihi. Sijahitimu shahada, nina stashahada ya uhasibu, na katika shahada nimebakiwa na masomo mawili. Nilifanya kazi hotelini kwa miezi 14 nikiwa keshia, si kwa miaka minne nikiwa mhasibu. Mdhamini niliyemtaja hakuwa msimamizi wangu. Ninaambatisha wasifu sahihi na ninaomba radhi. Iwapo bado mtaona ninafaa kusailiwa kwa nafasi hii au nyingine ya chini yake, nitafika siku mliyoipanga.»

Wamenijibu jioni kwa mistari miwili: kwamba kwa nafasi ya mhasibu sitafikiriwa tena, na kwamba kama ninapenda nije Alhamisi na vyeti nilivyo navyo, wanisaili kwa nafasi ya keshia katika ofisi yao ya mjini. Nimelia kidogo, halafu nikatoa nguo za kupiga pasi. Nitakwenda.

Bado ninalo swali moja. Kwenye ile fomu kuna kipengele kinachouliza: «Je, umewahi kuachishwa kazi?» Mkataba wangu wa hoteli ulikuwa wa muda maalumu, ukaisha, hawakuuhuisha. Nijibu ndiyo au hapana?

Afisa Utumishi, Njiro

Andika «Hapana», na pembeni yake uandike: «Mkataba wa muda maalumu uliisha tarehe fulani na haukuhuishwa.» Weka tarehe yenyewe kama ilivyo kwenye mkataba, na uje na nakala yake. Pale watakapouliza mshahara wa mwisho, nakili kiasi kilichomo kwenye hati yako ya mshahara, kabla ya makato. Basi za asubuhi kutoka Moshi hujaa mapema siku za kazi. Uwe stendi kabla ya saa 12.